Tuyo jembamba, mazuti mengi: historia ya hesabu inayopandisha maji mlimani

Katika vijiji vingi vya upande wa Kasongo na Kabambare, maji yako chini na watu wako juu. Chemchemi na mito iko bondeni, nyumba zimejengwa mlimani kando ya barabara. Tangu zamani, pompa ya kupandisha maji ni kichwa cha mama na cha binti, na tuyo lake ni bidoni la lita 20. Ndiyo maana siku mfadhili anapoleta mota na matuyo, kijiji kinaimba.

Lakini wimbo mara nyingi haudumu. Sehemu nyingi za Kongo, na nchi nyingine za Afrika, kuna mota zilizonyamaza baada ya miezi michache tu. Nyingine zimeharibika. Nyingine ni nzima kabisa, ila makuta ya mazuti yamekwisha. Kamati inalaumiwa kwamba imekula pesa, watu wanakataa kuchanga, na mabinti wanarudi bondeni na bidoni.

Kamati zinaweza kuwa na makosa, ndiyo. Lakini liko kosa lingine ambalo halionekani, kwa sababu limefukiwa ardhini. Ni upana wa tundu la tuyo, ule ambao mainjinia wanauita kipenyo. Tuyo likiwa jembamba kuliko inavyofaa, linakula mazuti kila siku, na hakuna anayeliona likila. Likiwa nene kuliko inavyofaa, linameza bajeti yote kabla ya tone la kwanza kufika. Katikati ya hayo mawili kuna kipenyo chenye gharama ndogo kuliko vyote. Watu wamekitafuta kwa zaidi ya miaka 150, na historia yao inahusu moja kwa moja familia zinazochota maji Wamaza leo.

Kodi mbili za maji

Maji yanayosukumwa mlimani yanatozwa kodi mbili. Ya kwanza ni ya mlima wenyewe: ukitaka maji yapande mita 40, lazima ulipe mita 40. Hiyo haina punguzo. Ya pili ni ya msuguano. Maji yanapopita ndani ya tuyo yanajisugua kwenye kuta zake, na pompa inalipa kana kwamba mlima umeongezeka urefu.

Aliyeipima kodi hii ya pili kwa makini alikuwa Mfaransa Henry Darcy, aliyezaliwa mwaka 1803 katika mji wa Dijon. Mji huo ulikuwa na maji mabaya, na Darcy akauletea maji ya chemchemi kutoka umbali wa kilomita kama 12. Maji yalifika mwaka 1840. Baadaye alifanya majaribio mengi juu ya matuyo mapya na makuukuu, mapana na membamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1857, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Alionyesha kwamba hali ya ukuta wa ndani ina uzito wake: tuyo lenye kutu na uchafu linatoza zaidi kuliko tuyo laini.

Kutokana na kazi ya watu kama Darcy ilijulikana jambo la kushangaza. Maji yakiwa kiasi kile kile, ukipunguza kipenyo cha tuyo kwa nusu, msuguano hauongezeki mara 2 wala mara 4. Unaongezeka karibu mara 30. Hapo ndipo pesa za vijiji zinapopotelea.

Bresse na swali la bei

Kujua msuguano ni jambo moja, kujua ununue tuyo gani ni jambo lingine. Swali hilo lilishughulikiwa na Jacques Bresse, Mfaransa pia, aliyezaliwa mwaka 1822 na kufariki mwaka 1883. Alikuwa mwalimu katika shule ya mainjinia wa madaraja na barabara mjini Paris.

Bresse aliweka bei mbili kwenye mizani moja. Upande mmoja aliweka bei ya tuyo la chuma: kadiri linavyokuwa pana, ndivyo linavyokuwa ghali. Upande wa pili aliweka gharama ya kusukuma maji mwaka hata mwaka: kadiri tuyo linavyokuwa pana, ndivyo gharama hiyo inavyoshuka. Akatafuta mahali ambapo jumla ya hizo mbili ni ndogo kabisa. Jibu lake likawa kanuni fupi: chukua kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, kwa kipimo cha mita za ujazo, tafuta kipeo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.5. Unachopata ni kipenyo kwa mita. Kwa lugha nyepesi, kanuni hiyo inataka maji yaende ndani ya tuyo kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, zaidi kidogo ya nusu mita kwa sekunde.

Kanuni ya Bresse bado inafundishwa. Lakini ile 1.5 haikushuka kutoka mbinguni. Ilitoka kwenye bei za chuma na za makaa ya mawe za Ufaransa ya wakati wake, kwa pompa zinazofanya kazi usiku na mchana. Mahali ambapo mafuta ni ghali, jibu linaelekea kwenye tuyo pana zaidi. Mahali ambapo pompa inafanya kazi saa chache tu kwa siku, linaelekea kwenye tuyo jembamba zaidi. Anayeinakili bila kuuliza bei za mahali alipo anahesabu kwa bei za Paris ya zamani.

Mwaka 1881, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitoa hesabu ya namna hiyo hiyo kwa nyaya za umeme: waya mwembamba unapoteza umeme, waya mnene unapoteza pesa za shaba, na palipo bora ni katikati.

Maji ya wachimba dhahabu

Mfano mkubwa wa hesabu hii ulitokea Australia. Kule magharibi mwa nchi hiyo, dhahabu iligunduliwa Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka 1893. Watu walimiminika kwenye jangwa, kama wanavyomiminika kwenye machimbo popote dhahabu inaposikika. Maji yakawa ghali mno, na magonjwa ya tumbo yakaua wengi.

Injinia wa serikali, C. Y. O'Connor, alipendekeza maji yatoke bwawa la Mundaring karibu na Perth yasukumwe zaidi ya kilomita 500 hadi machimboni, kwa tuyo la chuma la inchi 30 na vituo vinane vya pompa za mvuke. Kila kituo kilikula makaa, kwa hiyo upana wa tuyo na idadi ya vituo vilipaswa kuhesabiwa pamoja: tuyo jembamba lingedai vituo vingi zaidi, wafanyakazi wengi zaidi na makaa mengi zaidi kwa miaka yote ijayo. Magazeti na wanasiasa walimshambulia, wakisema ni wazimu kupandisha maji mbali hivyo. O'Connor alijiua mwezi Machi 1902. Mwezi Januari 1903 maji yalifika Kalgoorlie, na mfumo ule, baada ya marekebisho mengi, bado unaleta maji mpaka leo.

Afrika ya Mashariki na mafuta yake

Huku kwetu hesabu hiyo ilionekana kwanza wazi kwenye mafuta. Tarehe 11 Novemba 1965, wazungu wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia yake ya kuleta mafuta. Malori yalibeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwenye barabara mbaya sana, na mafuta mengine yakaletwa kwa ndege. Usafiri wenyewe ulikula mafuta njiani. Tanzania na Zambia zikajenga bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likakamilika mwaka 1968. Lina sehemu za inchi 8 na sehemu za inchi 12.

Kenya nayo ilifungua bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978, lenye kipenyo cha inchi 14. Nchi ilipokua na magari yakaongezeka, waliongeza kwanza vituo vya kusukuma, ili tuyo lile lile lipitishe zaidi. Lakini kuongeza nguvu kwenye tuyo jembamba ni kama kumpiga punda aliyelemewa. Mwishowe walijenga bomba jipya la inchi 20, lililokamilika mwaka 2018.

Kwa maji, mfano mzuri uko Tanzania. Maji ya Ziwa Victoria yanachukuliwa Ihelele, yanasukumwa hadi kwenye tangi kubwa juu ya mlima wa Mabale, na kutoka hapo yanateremka yenyewe kuelekea Shinyanga na Kahama. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009. Akili yake ni kulipa mlima mara moja tu, kwa umbali mfupi, kisha kuuachia mteremko ufanye kazi bure.

Goma, 1994: bei ya kukosa tuyo

Kongo ilikuwa na shirika la maji tangu zamani. Regideso iliundwa mwaka 1939, wakati wa Wabeleji, na mitambo yake ilielekezwa kwenye miji na vituo vya utawala. Vijiji vilibaki na chemchemi zao.

Katikati ya mwezi Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano, ngumu kuchimba kisima wala choo. Kambi ya Kibumba haikuwa na maji karibu, na yalipaswa kubebwa kwa malori. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ziwa Kivu lilikuwa pale limejaa, lakini kati ya ziwa na watu kulikosekana pompa, matuyo na dawa ya kusafisha maji kwa wakati.

Baada ya msiba ule, mashirika ya misaada yalikaa pamoja na kuandika viwango vinavyoitwa Sphere, kazi iliyoanza mwaka 1997. Humo iliandikwa kwamba mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Na kuna jambo lingine la kukumbuka. Kambi zile zilizofunguliwa kwa haraka mwaka 1994 zilidumu hadi mwisho wa mwaka 1996, zaidi ya miaka 2. Aliyezipangia maji ya wiki chache alikuwa amekosea hesabu.

Hesabu ya mlima mmoja

Chukua mfano wa kijiji kilichopokea familia zilizokimbia vita, jumla watu 4,000. Kwa lita 15 kila mtu, zinahitajika lita 60,000 kwa siku. Pompa inafanya kazi saa 6, maana yake lita 10,000 kwa saa. Chemchemi iko mita 40 chini ya tangi, na tuyo la plastiki lina urefu wa mita 1,500.

Ukiweka tuyo lenye tundu la milimita 50, msuguano peke yake ni sawa na mlima mwingine wa mita 60. Pompa inaona mlima wa mita 100, wakati macho yanaona mita 40. Ukiweka la milimita 65, msuguano unashuka hadi mita 17. La milimita 80, mita 6. La milimita 100, mita 2.

Sasa geuza mita ziwe mazuti. Kwa pompa na jenereta za kawaida, tuyo la 50 litakula kama lita 13 kwa siku. La 65, lita 7 na nusu. La 80, lita 6. La 100, lita 5 na nusu. Maji yanayofika juu ni yale yale, bidoni kwa bidoni.

Weka na bei za mfano, kila kamati itabadilisha kwa bei za soko lake. Mazuti ni dola 2 kwa lita. Tuyo la 65 linazidi la 50 kwa dola 2 kila mita, yaani dola 3,000 kwa njia nzima. La 80 linazidi la 65 kwa dola 3 kila mita, yaani dola 4,500. La 100 linazidi la 80 kwa dola 4 kila mita, yaani dola 6,000.

Kutoka 50 kwenda 65 kunaokoa karibu lita 2,000 za mazuti kwa mwaka, dola 4,000. Ile ziada ya dola 3,000 inarudi ndani ya miezi 9. Kutoka 65 kwenda 80 kunaokoa kama lita 550 kwa mwaka, dola 1,100, na ziada inarudi baada ya miaka 4 hivi. Kutoka 80 kwenda 100 kunaokoa kama lita 180 tu, dola 360, na ziada inarudi baada ya miaka zaidi ya 16. Kanuni ya Bresse, kwa kiasi hiki cha maji, inatoa milimita 79.

Swali lililofichwa ndani ya tuyo

Angalia vizuri majibu hayo. Anayepanga kwa miezi 3 atanunua tuyo la 50, na hesabu yake itakuwa sahihi. Anayepanga kwa miaka 2 atanunua la 65. Anayepanga kwa miaka 10 atanunua la 80. Mlima ni mmoja na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: watu hawa watakaa hapa muda gani?

Swali hilo ni zito kwa familia zilizohama. Kila mmoja anataka kurudi kwenye shamba lake kesho, na hakuna anayependa kusikia neno miaka 10. Mfadhili naye ana bajeti ya miezi michache. Hivyo tuyo la miezi 3 linafukiwa ardhini, na watu wanakaa miaka. Hata familia zikirudi kwao, wenyeji waliowapokea wanabaki na tuyo lile. Tuyo pana si alama kwamba mkimbizi hatarudi nyumbani. Ni zawadi atakayowaachia waliompa mahali pa kulala.

Kuna mtego wa pili. Anayenunua tuyo si yule anayenunua mazuti. Mfadhili analipa tuyo mara moja, kijiji kinalipa mazuti kila siku. Mfadhili akiokoa dola 3,000 kwa kuchagua tuyo jembamba, ripoti yake inapendeza. Lakini ndani ya mwaka mmoja wanakijiji watakuwa wamelipa dola 4,000 za ziada, kwa franga zilizotoka kwenye mchele, mihogo na mawese. Darcy na Bresse hawakukutana na tatizo hilo kwa namna hii, kwa sababu katika hesabu zao mlipaji alikuwa mmoja.

Na mazuti ya vijijini Maniema yana kodi ya tatu, ile ya njia. Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa misafara wakati wa Tippu Tip, na kila kitu kutoka pwani kilifika juu ya vichwa vya wapagazi. Leo bidoni la mazuti linafika juu ya pikipiki au baiskeli, likivuka matope na madaraja yaliyovunjika, na bei yake inapanda kwa kila kilomita. Mahali pa namna hiyo, hesabu inasukuma kuelekea tuyo pana zaidi kuliko mjini.

Pompa za jua zimebadilisha sura ya hesabu, lakini hazijaifuta. Jua halidai makuta, vibao vyake vinadai. Pompa inayoona mlima wa mita 100 inahitaji vibao zaidi ya mara mbili ya ile inayoona mita 46. Msuguano unalipwa siku ya kwanza badala ya kila siku, lakini unalipwa.

Sheria ya maji ya Kongo, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, imetoa nafasi kwa majimbo na tawala za chini kubeba huduma ya maji, isiwe tena ya Regideso peke yake. Maana yake, mazungumzo juu ya tuyo yanaweza kufanyika hapa hapa, kwenye sekta na kwenye kijiji, kabla ya shimo kuchimbwa.

Kamati haihitaji kuwa na injinia ili kuuliza maswali ya maana. Tundu la tuyo ni milimita ngapi kwa ndani? Pompa itaona mlima wa mita ngapi ukijumlisha msuguano? Itakula mazuti lita ngapi kwa siku, na ni nani atalipa? Tuyo linalozidi ukubwa hatua moja lingeongeza pesa ngapi, na lingeokoa lita ngapi? Na watu wakiongezeka mara mbili, itakuwaje? Maana maji yakizidishwa mara mbili ndani ya tuyo lile lile, msuguano unaongezeka karibu mara 4: kwenye tuyo la 65 mita 17 zinakuwa kama 60, kwenye la 80 mita 6 zinakuwa kama 22.

Mletaji mwenye nia njema atakuwa na majibu kwenye karatasi. Asipokuwa nayo, ni vizuri ayatafute kwanza, matuyo yakiwa bado juu ya lori. Mota inaweza kubadilishwa mwaka kesho, na jenereta inaweza kuuzwa. Tuyo likishafukiwa mita 1,500, kijiji kitaishi nalo.